Futi Haidanganyi

Kwa mwaka mmoja na nusu nilimpima mwanamke mmoja kiuno, na kila mara niliandika tisini na mbili. Sketi zilipoanza kumbana, kaka yake alimwambia aende hospitali, naye akajibu kwamba hana haja, Kocha kashampima, hajaongezeka hata sentimita. Huyo Kocha ni mimi. Tena sikuishia kuandika namba. Nilimpa jina la Kigingi kwa sababu hasogei, na nilimpa mbele za watu, maana mdomo wangu hauna kitasa.

Watu wananiita Kocha tukitazamana na Sentimita nikiwapa mgongo. Hilo la pili nililipenda zaidi, ingawa sikumwambia mtu. Kwenye jimu yetu hakuna anayegusa chuma kabla hajapita chumbani kwangu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mifagio, na siku za mvua bado kinanuka mifagio. Kuna mzani, mashine ya presha, kiti kisicho na mikono, kijukwaa cha kupanda na kushuka, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Mteja anakaa kimya dakika tano, nampima presha, nahesabu mapigo ya moyo. Anapanda na kushuka kijukwaa dakika tatu, nahesabu tena. Anasimama kwa mguu mmoja. Halafu anakaa na kuinuka kitini kwa nusu dakika bila kushika popote, nami nahesabu mara ngapi. Kuna mabwana wamenyanyua vyuma miaka kumi, lakini ukiwaambia wainuke kitini bila kujisukuma magoti wanakutazama kana kwamba umemtusi mama yao.

Kiuno nilikiweka mwisho. Nilikipima kwa futi ya kitambaa, ile ambayo mafundi cherehani huivaa shingoni, na nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba mzani unaweza kudanganywa na glasi ya maji na presha inaweza kupandishwa na ugomvi wa asubuhi, lakini futi haidanganyi. Maneno hayo niliyaandika kwa kalamu nene juu ya mlango. Nje, ukutani, kulikuwa na ubao wa Waliopungua: majina, na mbele ya kila jina sentimita zake. Meneja aliupenda ubao ule kuliko mashine zote.

Kulikuwa pia na fomu ya maswali, na la kwanza lilikuwa: unajisikiaje? Hapo ndipo nilipokuwa napoteza subira. Sisi ukimuuliza mtu hali, anakujibu nzuri kabla hujamaliza kuuliza, hata kama mguu uko kwenye plasta. Nzuri, ila nimevunjika. Salama, ila mama kalazwa. Habari yenyewe iko baada ya "ila," na mimi sikuwa na muda wa kuisubiri. Mtu akisema "sijambo" naandika "hajambo," nahamia swali la pili.

Basi ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, muda ambao jimu inakuwa na watu wawili na feni moja. Akaingia mzee mfupi mwenye kitambi cha wastani na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mnapima watu."

"Tunapima, halafu tunafanya mazoezi."

"Hayo ya pili tutaona," akasema. "Mimi nataka kupimwa."

Kwenye fomu aliandika kazi yake: fundi cherehani. Nikamkalisha. Mteja wa kawaida hutazama dari wakati mashine ya presha inambana mkono. Huyu aliinama akaichungulia, akaniuliza ule mpira unajuaje damu inasukuma kiasi gani. Nikamweleza. Akauliza kwa nini kiti hakina mikono. Nikamweleza. Akauliza kama mtu akiwa na mguu mmoja mfupi namwongezea kijukwaa upande gani. Hapo nikamwambia anyamaze, nahesabu mapigo. Aliinuka kitini mara kumi na tatu, si haba kwa umri wake, na kila akiinuka alikuwa anakagua mshono wa kitambaa cha kiti.

Nikachukua futi yangu kwenye msumari, nikamzungushia kiuno. "Tisini na nne."

"Tisini na nane," akasema.

"Fundi, hapa hatubahatishi. Nimepima sasa hivi."

"Na mimi suruali hii nimeikata wiki iliyopita kwa mkono wangu. Tisini na nane." Akachomoa futi yake mfukoni, akajipima mbele yangu, akanigeuzia kidole kilipoishia. Tisini na nane.

Damu ilinichemka. Nimepima watu zaidi ya mia mbili, leo anakuja mtu na uzi begani ananifundisha kiuno. Nikamwambia futi yake ndiyo fupi, labda imesinyaa kwa kufuliwa. Hakukasirika hata kidogo. Macho yalimng'aa, akasema, "Inawezekana! Tutajuaje?" Akaziweka futi mbili mezani ubavu kwa ubavu, mwanzo kwa mwanzo, akazinyoosha kwa viganja. Zilianza pamoja. Kwenye kumi huoni kitu. Kwenye hamsini yangu ilikuwa imeshaachana na yake kwa sentimita mbili. Kwenye mia zilikuwa zinatazamana kwa mbali.

Niseme ukweli, hasira iliisha pale pale. Nilitaka kujua. Kati ya futi mbili zinazobishana unahitaji shahidi wa tatu ambaye hana upande, nami nikakumbuka shahidi huyo yuko wapi. Nikakimbia ofisini kwa Meneja, nikarudi na bunda la karatasi za fotokopi. Kwenye ganda lake wameandika urefu wa karatasi: milimita mia mbili tisini na saba. Ndiyo karatasi ile ile ninayochapishia fomu zangu. Tukapima. Kwa futi ya Fundi, karatasi ilikaribia thelathini, ikabaki kiduchu. Kwa futi yangu ilikuwa ishirini na nane na nusu.

Tukapima karatasi nyingine, nikisema labda ile ya kwanza ilikatwa vibaya. Ishirini na nane na nusu. Nikapima ya tatu. Fundi akanishika mkono, akasema taratibu, "Mwanangu, karatasi hazijapungua."

"Futi inawezaje kurefuka?"

"Ya kitambaa inavutika. Ila kwa kiasi hiki, hapana, mpaka iteswe. Unaifua?"

"Kila Jumamosi. Maji ya moto na sabuni. Watu wanatoa jasho, fundi."

"Vizuri. Unaianikaje?"

Nilitazama dirisha, na yeye akafuata macho yangu. Pale juu kuna msumari, na chini ya msumari, sakafuni, kuna chuma cha kilo mbili chenye kamba. Futi ikikauka yenyewe hujikunja, na mimi sipendi futi iliyojikunja, kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa naitundika ikiwa imeloa, nafunga kile chuma mwishoni, naiacha ining'inie mpaka Jumatatu.

Fundi alicheka mpaka akashika mzani. "Kocha! Yaani na futi nayo umeifanyisha mazoezi!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama ubao wa Waliopungua kupitia mlangoni. Tatu. Nne. Nne. Tatu na nusu. Siku zote nilijiuliza kwa nini watu wanapungua sawasawa kana kwamba wameagana, na kwa nini wanene zaidi ndio wanaopungua zaidi. Hilo la wanene nililitungia hata maelezo ya kitaalamu, nikawahutubia. Nyani haoni kundule. Hawakuwa wamepungua, futi yangu ndiyo iliyoongezeka.

Nilipogeuka, Fundi hakuwa anacheka tena. Alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na mikono, na magotini ameweka mfuko wa plastiki.

"Sasa nikuambie kilichonileta," akasema. "Sikuja kupungua."

Akatoa sketi nyeusi, akaigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kumbe kitambaa hakisahau. Pembeni mwa mshono wa sasa kulikuwa na safu ya matundu madogo ya sindano, na pembeni ya safu hiyo nyingine. Akazigusa moja moja kwa ukucha. "Hapa ndipo nilipoishona mara ya kwanza. Hapa nililegeza mwaka jana, mwishoni. Hapa wiki iliyopita, na kitambaa cha ziada kimekwisha. Tisini na mbili, tisini na tano, tisini na nane. Ni ya mdogo wangu. Anafanya kazi maktaba ya shule, anakuja hapa kwako kila Jumatano. Uso wake unakonda, mikono inakonda, sketi inabana. Kila nikimwambia nenda kapimwe, ananitajia namba za kadi yako ya vipimo. Nikasema ngoja nikaione hiyo futi."

Nilijua ni nani kabla hajamaliza. Nikavuta droo, nikatoa kadi ya Kigingi. Kiuno: tisini na mbili, tisini na mbili, tisini na mbili, mpaka chini. Futi niliinunua mwezi ule ule alioanza, kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ya mwisho ilikuwa tisini na sita, na mimi sikujua.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni namba nyingine, zile zisizo za kiuno. Kuinuka kitini: kumi na tano, kumi na nne, kumi na mbili, kumi. Pembeni nimeandika "aongeze bidii." Mapigo ya moyo akiwa amepumzika: sabini na mbili, sabini na sita, themanini na nne. Pembeni sikuandika kitu. Mzunguko wa mkono ulikuwa unashuka, hata ukitoa kosa la futi, na hapo nimeandika "safi sana!" na alama ya mshangao. Unajisikiaje: hajambo, hajambo, hajambo. Kadi nzima ilikuwa inanipigia kelele, na mimi nimekazana na kiuno.

"Sasa hivi yuko wapi?" nikauliza.

"Kazini."

"Twende."

Nilitia kadi mfukoni, nikafunga chumba, nikamwambia Meneja nina dharura, na hakuniuliza maana alikuwa anatafuta karatasi zake. Maktaba ya shule iko mitaa mitatu kutoka kwetu. Tulimkuta dada yule nyuma ya kaunta anavalisha vitabu majalada, anakata karatasi kwa mkasi, anakunja kona kwa kucha. Nilikuwa sijawahi kumwona nje ya nguo za mazoezi. Blauzi ilikuwa inamwelea mabegani, na kuanzia kiunoni imejaa. Mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo, ila mimi nilikuwa na futi.

"Kocha! Na kaka? Kuna nini, kwema?"

"Kwema," akajibu kaka yake. "Ila Kocha anataka kukupima tena."

Tukaingia chumba cha nyuma, kati ya rafu za vitabu vilivyochanika vinavyosubiri gundi. Nikatumia futi ya Fundi. Nilipomzungushia, nikahisi tumbo lake linaingia ndani.

"Usivute tumbo, dada. Toa pumzi."

Akatoa. Futi ikateleza vidoleni mwangu, ikasimama. Tisini na nane. Kitambaa changu kilikula nne, pumzi yake ikala mbili.

"Huwa unavuta nikikupima?"

"Huwa navuta," akasema, macho chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Sikumuuliza kwa nini. Nilisema mimi si daktari na sijui kuna nini ndani, lakini tumbo linalokua huku mwili unakonda halitibiwi kwa kuruka kamba. Akaniambia, kwa sauti ya kutetea, mbona kadi inasema hajaongezeka. Nikamwambia kadi niliandika mimi, na mimi nimekosea, na kosa si lake hata chembe. Kisha nikamuuliza lile swali la kwanza la fomu.

"Sijambo," akasema.

Kaka yake akafungua mdomo, nikamwonyesha kiganja asubiri. Kulikuwa na saa ukutani pale pia. Nilihesabu sekunde kumi na moja.

"Ila nikila vijiko vitatu nashiba," akasema. "Na usiku naamka kwenda haja ndogo mara nne, mara tano. Na kuna kitu kizito huku chini, nikilala ubavu kinahama. Nilidhani ni umri." Akavuta pumzi. "Ningemwambia nani? Wewe ulisema sijabadilika."

Niliandika barua kwa daktari pale pale, juu ya rafu, namba zote za miezi kumi na minane, na zile za kiuno nikazikata mstari na kuandika "futi mbovu." Fundi alimsindikiza hospitali kesho yake asubuhi. Nilitaka kwenda nao, akanikatalia, akasema niende nikafanye la kwangu.

La kwangu lilikuwa ubao. Niliushusha nikiwa nimekunja uso ili mtu asinisemeshe, lakini ilibidi niwaeleze wateja mmoja mmoja, na kila mmoja nilimpa futi mpya na karatasi ya fotokopi ajihakikishie. Meneja alisema ningeweza kubadilisha futi kimya kimya na dunia isingesimama. Nikamwambia dunia ya mtu mmoja imekaribia kusimama kwa sababu ya futi hiyo hiyo. Wengine walinuna. Mwuza vipuri, ambaye ubaoni alikuwa wa kwanza kwa sentimita tano, alifikiri sana, akasema, "Kocha, hizo tano nilishazifanyia sherehe. Siwezi kuzirudisha." Maandishi ya juu ya mlango niliyasugua kwa sifongo, yakabaki kivuli.

Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye ovari, wenye maji ndani, mkubwa. Ndiyo maana mzani nao ulikaa kimya: yeye alikuwa anapungua, uvimbe unaongezeka, jumla haibadiliki. Walimfanyia upasuaji baada ya wiki mbili. Daktari alisema si ule mbaya, umetoka wote, mgonjwa ni mzima. Naye alikuwa na "ila" yake: ungekaa zaidi ungeweza kujisokota au kupasuka, na hapo tungekuwa tunazungumza mengine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu kuhusu anayemfichisha mwenzake.

Nilikwenda kumwona wodini. Nilimwomba radhi kwa ajili ya futi, na kwa ajili ya kadi. Akanipungia mkono, akasema yameisha. Lile jina sikulitaja. Nilijiambia ameshalisahau.

Alirudi baada ya miezi minne, Jumatano, saa yake ile ile, na karatasi ya daktari inayomruhusu mazoezi mepesi. Sketi ilikuwa ile nyeusi. Fundi alikuwa ameirudisha ndani, na mshono ulikuwa umepita juu ya matundu ya zamani kabisa, yale ya kwanza. Alikaa kwenye kiti kisicho na mikono, akatazama futi yangu mpya, ambayo sasa naifuta tu kwa kitambaa chenye spiriti, halafu akatazama kivuli cha maandishi juu ya mlango, akatabasamu kidogo.

Sikuchukua futi. Nilichukua fomu, nikaanza juu.

"Unajisikiaje, dada?"

"Sijambo, Kocha."

Nikaweka kalamu chini. Nje mtu aliangusha chuma, feni ikaendelea kuzunguka, mshale wa sekunde ukapita kumi na mbili, ukaanza kushuka upande wa pili. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilidhani atataja kidonda, au usingizi.

"Ila lile jina uliloniita," akasema, "liliniuma sana. Ndiyo maana nilikuwa navuta tumbo."

Niliandika kwenye nafasi ya jibu kama alivyosema, neno kwa neno. Kisha nikasogeza kiti changu mbele ya chake, nikakaa, nikamwomba msamaha kwa hilo nalo.